Saa ya mazoezi niliyompa baba

Mama hupiga simu jioni. Akipiga saa moja asubuhi najua kuna jambo.

Siku hiyo nilikuwa namvalisha mwanangu sare za shule ya awali. Mama akaniambia baba amepelekwa zahanati, kichwa kinamgonga tangu usiku, na presha imesoma 186 kwa 112. Kisha akaongeza neno ambalo hadi leo likinijia naacha ninachofanya: “Lakini ile saa yako ilisema iko sawa.”

Saa yangu. Ningependa kusema nilimnunulia zawadi kwa nia njema ikatokea bahati mbaya. Ukweli ni kwamba niliinunua kwa ajili yangu, nikaona haifai, nikampa yeye.

Nina miaka 28, mtoto mmoja wa miaka minne, na kazi ya kuandika habari za afya ambayo inanikalisha kwenye kiti kuliko ninavyowashauri wasomaji wangu wakae. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu. Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla Dar haijaanza kuchemka. Mwisho wa mbio kila mtu hutazama mkono wake. “Nimepiga nane.” “Mimi nane na mita mia mbili.” Mimi nilikuwa natazama kiganja. Nilipoamua kujiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, nikaona sasa nahitaji saa, maana huwezi kujiandaa kwa kilomita 21 bila kujua umeshakimbia ngapi.

Nikaingia duka moja mjini, nikatoka na saa ya shilingi 45,000. Boksi lake lilijaa ahadi: hatua, mapigo ya moyo, GPS, usingizi, oksijeni, presha, hata sukari kwenye damu. Sukari, bila tone la damu, kwa shilingi 45,000! Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojidai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Onyo hilo nililisoma kazini. Lakini ukiwa dukani, muuzaji amekufunga kitu mkononi na kinang’aa, unakuwa mteja kama wateja wengine.

Asubuhi ya kwanza niliacha simu nyumbani nikakimbia zangu hadi Mlimani na kurudi. Saa ikanipa kilomita lakini bila ramani ya njia niliyopita. Nilipouliza wenzangu wakacheka. GPS iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa ya simu yangu. Saa yenyewe haina chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti. Ukiacha simu, inahesabu mikono inavyopepea, inakisia urefu wa hatua yako, inazidisha. Ndiyo maana nilipombeba mwanangu mgongoni kutoka kituoni hadi nyumbani, mikono yote miwili nyuma, saa ilisema nimekaa. Jambo hili ungependa kulijua kabla hujalipa, na si vigumu. Muulize muuzaji swali moja tu: nikiacha simu nyumbani, hii saa itanichorea njia? Akianza kuzunguka, shukuru uondoke.

Mapigo ya moyo ndiyo yaliyonichekesha zaidi. Ile taa ya kijani unayoiona chini ya saa inamulika ngozi. Damu hunywa mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono, hivyo mwanga unaorudi hupungua na kuongezeka. Kijicho kilicho pembeni ya taa kinasoma mabadiliko hayo. Saa nzuri inajua kuchuja. Saa hafifu inasoma chochote kinachorudisha mwanga. Jioni moja niliifunga yangu kwenye ndizi mbivu. Ndizi ikawa na mapigo 78 kwa dakika. Nikabonyeza presha. Ndizi ikawa na 117 kwa 76, presha ambayo ningeitamani kwa kila mtu ninayempenda. Mume wangu akachukua video, nikairusha kwenye kundi letu la WhatsApp, watu wakacheka hadi usiku.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Morogoro kuwasalimu wazazi, na nikampa baba saa hiyohiyo.

Alikuwa ameanza kutembea jioni kwa ushauri wa daktari wake. Aliiona mkononi mwangu akaisifu. Nikaivua. Nilijiambia atahesabia hatua tu, na mzee akihesabu hatua anatembea zaidi, kuna ubaya gani? Habari ya ndizi sikumwambia. Unamwambiaje mzazi kwamba zawadi unayompa imeshapima presha ya tunda?

Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Kwa mwalimu wa hesabu namba si pambo. Alifungua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika tarehe, asubuhi, jioni. 118 kwa 78. 121 kwa 80. 119 kwa 77. Mwezi mzima, ukurasa kwa ukurasa, hakuna hata siku moja iliyozidi 125. Kwa hiyo vidonge vyake vya amlodipine akaanza kuvinywa siku moja akiruka moja. Baadaye akaacha kabisa. Hakumwambia mama, wala mimi. Aliona kutembea kumemponya, na ushahidi anao daftarini.

Nilifika Morogoro siku ileile kwa basi. Nilimkuta amekaa sebuleni, amerudishiwa dawa, saa iko mezani mbele yake.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Hebu niambie, hii nilikuwa naisoma vibaya?”

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Mzee wangu alidhani kosa ni lake. Nikamweleza yote, pamoja na ndizi. Alinyamaza kitambo. Halafu akamwita mama, akaomba ndizi. Ikaja. Akaifunga saa mwenyewe, akasubiri, akasoma: 119 kwa 77. Akafungua daftari akaangalia safu zake, akalifunga. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Niseme wazi jinsi saa hizi zinavyofanya, maana najua nyumba nyingi zinazo. Presha hupimwa kwa kubana mshipa na kuachia. Ndiyo kazi ya kile kitambaa kinachojaa hewa kwenye mkono wa juu. Saa ya bei ya chini haibani chochote. Inachukua mapigo, na pengine umri na uzito ulioandika kwenye simu, inabuni namba inayofanana na ya mtu mzima mwenye afya. Zipo saa chache zinazojitahidi kweli. Huawei Watch D ina mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda wake. Samsung, kwa saa zake zenye huduma hiyo, inakutaka uilinganishe saa na kipimo cha kitambaa kila baada ya siku 28. Angalia hapo: hata kampuni kubwa kama hiyo inakurudisha kwenye kitambaa. Na presha haina adabu ya kubisha hodi. Unaweza kuwa juu ya 140 kwa 90 miaka mingi na usisikie kitu, kwa hiyo namba ya uongo haina cha kuipinga mwilini mwako hadi siku kichwa kinapogonga.

Saa ya pili niliichagua kwa hasira, na hasira wakati mwingine ni mshauri mzuri. Niliandika kwenye karatasi ninachotaka: umbali, muda, mwendo wa kila kilomita, na mapigo ya moyo yasiyo ya ndizi. Basi. Rafiki wa kikundini alikuwa anabadilisha yake, akaniuzia Garmin Forerunner 55 iliyotumika, nikamlipa kwa awamu tatu. Ni saa iliyotoka 2021, si mpya, na wala haina kioo cha kugusa. Ina vitufe vitano. Mwanzoni nilidhani huo ni umaskini. Lakini kimbia Dar mwezi wa pili, vidole vinachuruzika jasho, jaribu kusimamisha saa kwa kugusa kioo, utanielewa. Chaji yake inakaa karibu wiki mbili nisipokimbia sana, na kwa nyumba ambayo umeme ukikatika wote tunagombania pawabenki moja, hilo si dogo. Apple Watch ni nzuri sana lakini inataka iPhone ya kuunganishwa nayo, na inataka kuchajiwa karibu kila siku. Sina iPhone, na subira ya kuchaji kila siku sina pia.

Safari hii niliipima kabla ya kumaliza malipo. Nilikwenda kwenye uwanja wa riadha, ambako mzunguko wa njia ya ndani ni mita 400. Mizunguko minne, mita 1,600. Saa ikasema kilomita 1.62. Nikaridhika. Kwenye Daraja la Tanzanite, ambako juu ni anga tupu, inasoma safi. Posta katikati ya maghorofa inapepesuka. Ukitazama ramani utadhani nimekimbia ndani ya ofisi za watu, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kunifikia. Hilo halina tiba ya kupiga saa vibao. Linalosaidia ni kusimama mahali pa wazi na kuisubiri ikamate setilaiti kabla ya kuanza kukimbia, jambo ambalo wengi wetu tunaliruka kwa haraka zetu.

Mapigo nililinganisha na vidole viwili shingoni: nikahesabu sekunde 30, nikazidisha mara mbili. Nikiwa nimekaa, zilipishana kwa pigo moja au mawili. Nikikimbia kwa kubadilisha kasi, saa huchelewa kidogo, na mkanda ukilegea inapotea kabisa. Uifunge juu kidogo ya kifundo cha mkono, isicheze. Anayetaka uhakika zaidi anunue mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe.

Kalori nimezizima. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Sita vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini kwa kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Sitaki saa inayoniruhusu chapati ya pili kwa hesabu za namna hiyo. Na zile hatua 10,000 ambazo saa inakudai kila siku hazikutoka hospitali. Zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Ile kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata kilele cha mapigo, ambayo saa nyingi zimewekewa, ni makadirio tu. Kwa anayetumia dawa za presha za aina ya atenolol haifai kabisa, maana dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio. Mzazi wako akiwa anazitumia, usimwachie saa imwamuru aongeze kasi.

Mwezi uliofuata nilirudi Morogoro na vitu viwili. Kipimo cha presha cha kitambaa, ambacho tulikwenda nacho kliniki kikalinganishwa na cha kwao. Na saa ya Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi ambayo imekuwa sokoni tangu 1989, ina tarehe, alamu na saa ya kusimamisha. Haijui kama aliyeivaa ana moyo. Baba anabonyeza akitoka getini, anabonyeza akirudi, anaandika dakika. Ile nyingine aliiomba ibaki, sikumuuliza kwa nini. Mama anasema iko kabatini pamoja na daftari la zamani.

Sasa hupiga simu mwenyewe Jumamosi jioni.

“Mia thelathini na nane kwa themanini na sita,” anasoma. “Nimekaa dakika tano, miguu chini, sijaongea na mtu. Dawa nimekunywa.”

“Vizuri, baba.”

“Dakika thelathini na tano nimetembea. Na wewe leo umekimbia ngapi?”

“Kilomita kumi na mbili.”

Kimya kidogo upande wa pili, nasikia kalamu.

“Kwa saa ipi?”