Gari la Mtego wa Panya

Gari langu la mradi wa fizikia halikunywa petroli. Kamani yake ilitoka kwenye mtego wa panya, ekseli ni spoku za baiskeli, magurudumu vifuniko vya mikebe. Mtego ukifyatuka, unavuta uzi uliozungushwa kwenye ekseli ya nyuma, nalo linakwenda.

Siku ya kwanza magurudumu yalizunguka pale pale tu. Wenzangu wakacheka, "Jua kali hiyo haifiki mlangoni!" Nikayavisha vipande vya tyubu, ekseli nikaipaka mafuta. Hapo ndipo nilipouelewa msuguano: kwenye ekseli ni adui, sakafuni ni rafiki.

Mbele ya mwalimu lilienda mita 6, likaupita mlango mbio! Lakini nyumbani mama alikuwa akiningoja: panya wanamaliza mahindi, mtego uko wapi? Penye nia pana njia, jamani, ila mtego urudi!