Masafa ya Kuazima

Jamani, mimi kwenye gari la mtu siwezi kutulia bila kugusa redio. Ijumaa moja jioni nikiwa mji mdogo wa Ohio, Marekani, nikakuta kituo cha hapo kinatangaza mechi ya futiboli yao ya Kimarekani, timu ya sekondari ya mji. Kila baada ya dakika chache mtangazaji anataja masafa mawili, moja AM, jingine FM. Nikacheka kimoyomoyo. Kwetu Tanzania kituo kikitaja masafa mengi ujue kinasikika Dar, Arusha, Mwanza. Huyu mji wake mmoja, masafa mawili ya nini? Sifa tu!

Giza lilipoingia mzee mwenyeji wangu akanihamishia AM nisikie mwenyewe. Mh! Mikwaruzo mitupu, halafu kituo cha mbali kimepanda juu ya mechi.

Kumbe usiku mawimbi ya AM hupiga anga la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita huko. Ili vituo visigongane, FCC, yaani mamlaka inayogawa masafa Marekani, huamuru vituo vingi vidogo vipunguze nguvu jua likizama, na vingine vizime kabisa. Na mechi za sekondari zinachezwa usiku! Yaani kituo kinazibwa mdomo saa ile ile mji unapokihitaji.

Ndipo inapoingia transleta. Ni mtambo mdogo wa FM unaodaka matangazo ya kituo kingine na kuyarusha upya kwa masafa tofauti, nguvu isizidi wati 250. Balbu nne za zamani za wati 60, basi. Zilianza kuruhusiwa mwaka 1970 kwa ajili ya watu waliokingwa na milima. Vituo vya AM vilikubaliwa kuzitumia mwaka 2009, na hata kile kinachozimika machweo kinaweza kuendelea kwenye FM mpaka asubuhi. Siku hizi inasaidia hata mchana, maana baadhi ya magari ya umeme hayana AM kabisa.

Ila kuna kitu kinanikera. Kisheria transleta ni ya daraja la pili. Ikiingilia kituo kamili cha FM, yenyewe ndiyo inahama au inazima, hata kama mji umeizoea miaka kumi. Tena siyo wanyonge peke yao wanaoitumia. Mwaka 2003 FCC ilipofungua maombi, yaliingia zaidi ya 13,000, maelfu kati ya hayo kutoka kwa waombaji wachache tu! Redio ndogo za jamii, zile za wati 100 zilizoruhusiwa mwaka 2000, zikakuta nafasi nyingi zimeshawekewa mguu. Ikabidi itungwe sheria, iliyosainiwa Januari 2011, kutaka leseni zipatikane kwa pande zote mbili. Miaka yote hiyo kugombea vimasafa vya ukubwa wa kata!

Mzee akarudisha FM. Tulikuwa tunatoka nje ya mji, timu yetu (nilishakuwa mwenyeji) imebakiza dakika nne na iko nyuma kidogo. Tukashuka bondeni, sauti ikaanza kukatika, kisha kimya. Nikadhani mzee atazima redio. Akapunguza mwendo, akatafuta mahali pa kugeuzia, tukarudi mjini.