Nyumba Njema si Mlango: Kibanda cha Taamuli katika Msitu wa Pwani

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wengi huitumia methali hii kuwaonya vijana wanaochagua wachumba kwa sura. Katika mtaa wa Nyali, upande wa pili wa daraja kutoka kisiwa cha Mombasa, methali hiyo inaweza kusomwa vile vile ilivyo, kama neno juu ya majengo. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la sasa likafuata mwaka 1980. Baina ya miaka hiyo, ardhi iliyokuwa mashamba ya mkonge iligeuka kuwa majumba na mahoteli. Hoteli nyingi za pwani hii zimeezekwa makuti. Hata hivyo, chini ya makuti hayo mna nguzo za saruji na chuma. Kuti limekuwa kofia ya kumpendeza mgeni.

Siku hizi, kwingi duniani, watu waliochoshwa na kelele za miji hutafuta vibanda vidogo msituni, wakae humo peke yao kwa siku kadhaa wakifanya taamuli. Wengi wao hutaka vibanda hivyo vijengwe kwa njia za jadi. Haja hiyo si ngeni Pwani. Mwislamu anayekaa itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani anajua maana ya kujitenga. Swali linalomkabili anayetaka kubuni kibanda cha namna hii karibu na Nyali ni moja: ni kitu gani hasa kinachoifanya nyumba iwe ya jadi?

Jibu la haraka ni umbo na vifaa, na ni kweli kwamba vifaa vyenyewe vina hekima yake. Nguzo huchimbiwa ardhini. Fito hufungwa kwa kulala, ndani na nje. Katikati hujazwa mawe na udongo. Kisha kiambaza hukandikwa. Juu ya kuta hulazwa mtambaapanya, na makombamoyo hubeba makuti ya viungo. Makuti ya kumba, ambayo husukwa kuti zima, huachiwa ua na vibanda vya muda. Paa husimamishwa wima ili mvua ya masika iteremke kabla haijapenya, na upenyo huachwa baina ya ukuta na paa ili kusi na kaskazi zipite. Hata kipimo hutoka mwilini. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Pima, yaani dhiraa nne, ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Chumba cha pima mbili kwa mbili, kama mita tatu na nusu kila upande, kinamtosha mtu mmoja, mkeka wake na mtungi wa maji. Anayekaa humo anakaa ndani ya kipimo cha mikono yake mwenyewe.

Lakini jibu hilo halitoshi. Mtu anaweza kuyatimiza hayo yote na bado akaukosea msitu. Ushahidi ni kaya za Wamijikenda. Kaya maana yake ni nyumbani, makazi. Hapo kale nyumba za nyasi zilisimama katika uwanda ulio kati ya msitu, nao msitu ukawa boma. Katikati palifukiwa fingo, na njia za kuingilia zilikuwa chache na zenye masharti. Nyumba zenyewe zimekwisha, kwani watu walihamia nje kidogo kidogo hadi miaka ya 1940. Kilichobaki ni msitu, na umebaki kwa sababu ya miiko ya wazee: hapakatwi mti ovyo, wala hapasemwi ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliiandikisha misitu kumi ya kaya katika Urithi wa Dunia. Huko Kaya Kinondo, Kwale, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia, wala haruhusiwi kuondoka na hata jani.

Funzo lake ni zito. Sheria ilitangulia, nyumba ikafuata. Kwa hiyo anayetafuta utulivu hana ruhusa ya kwenda kujenga kibanda chake ndani ya kaya. Hapo ni mahali patakatifu pa wenyewe. Wala hawezi kuagiza boriti za mikoko bila kujiuliza zimekatwa wapi, ilhali mikoko ya Hori ya Tudor, inayopakana na Nyali, imepungua kwa kukatwa. Utulivu wa mmoja usinunuliwe kwa kuharibu mazalia ya samaki wa wengine.

Pahali panapofaa pako jirani, Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha jangwa la mwamba mtupu. René Haller alijaribu aina 26 za miti. Zilizohimili ni tatu tu, na miongoni mwazo ni mvinje na mnazi. Kuanzia mwaka 1971 mivinje ilipandwa kwa wingi, majongoo wakaletwa wayatafune majani yaliyoanguka, na udongo ukazaliwa upya. Bahati iliyoje! Miti miwili iliyokubali kuishi pale penye jeraha ndiyo impayo mjenzi nguzo na makuti. Kibanda cha taamuli kinastahili msitu wa namna hiyo, uliopandwa kwa mikono ya watu, na mjenzi apande zaidi ya anavyokata.

Mvinje una udhaifu wake: hauwahimili mchwa kama mkoko. Makuti nayo huchakaa baada ya miaka michache. Mhandisi ataiona hiyo kuwa kasoro. Kwa kazi hii, huenda ikawa ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu nyumba inayohitaji kukandikwa na kuezekwa tena humrudisha mtu kwenye mnazi, kwenye udongo na kwa jirani anayejua kushona makuti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuziba ufa kwa subira, kiganja kwa kiganja, ni taamuli pia.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao. Majina fito, pau, boriti na nguzo hutenganisha miti kwa unene wake, nayo yamo vinywani mwa mafundi ambao umri umewatupa mkono. Michoro ya nyumba, hata ile ya vibanda vya jadi, huchorwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Fundi akiondoka kabla hajaulizwa, tutabaki na paa tusilojua kulitaja, na kijana atakayetaka kulijenga upya hatakuwa na neno la kuombea mti. Kalamu na daftari viende kwa mafundi hao sasa, kabla ya masika mengine.