Kivumishi "Nice" na Mtego wa Mfasiri

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kenya asiyelijua neno la Kiingereza nice. Chai ni nice, rafiki ni nice, hali ya hewa nayo ni nice. Aghalabu mfasiri hulipatia kisawe kimoja tu, -zuri, akaendelea na kazi yake. Pupa hiyo ina hatari.

Asili ya neno hili ni nescius la Kilatini, lililoundwa kwa kikanushi ne- na kitenzi scire, yaani kujua. Nescius ni asiyejua, mjinga. (Ajabu ni kwamba scire hiyohiyo ndiyo chimbuko la sayansi, neno lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza.) Nice lilipitia Kifaransa cha Kale kabla ya kutua Uingereza, na katika maandishi ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, hutumika kwa maana ya upumbavu. Baadaye likamwelekea mtu mteuzi, asiyeridhika upesi. Kisha likaashiria udakiki. Maana ya kupendeza ilishamiri katika karne ya 18. Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen, ilipotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, neno lilikuwa limekwisha kuchakaa: mhusika Henry Tilney anamkejeli Catherine kwa kulitumia kusifia kitabu, kwani kwake ni neno la kusifia kila kitu.

Hata hivyo, maana za kale hazikufa zote. Mwanafalsafa akiliambatisha neno hili na tofauti iliyopo baina ya hoja mbili, hasemi kuwa tofauti hiyo inapendeza, bali ni finyu mno, yahitaji jicho kali. Anayeandika "tofauti nzuri" hajatafsiri, amepotosha.

Na hata maana inapokuwa ya kupendeza, -zuri haitoshi. Upepo huwa mwanana, tabia murua, mavazi maridadi, uso mkunjufu, chai tamu. Kuvipuuza vivumishi hivi ni kukiazima Kiingereza umaskini ambao Tilney aliucheka. Vijana nao wanalo "poa", kutokana na kitenzi cha kupungua joto. Leo hujibu salamu, husifia viatu, hukubali miadi. Mitaani si kosa.

Kibarua kigumu zaidi kinamsubiri mfasiri atakayeifikia kejeli ya Tilney yenyewe. Hapo mwanana halifai, wala murua. Atahitaji neno lililochakaa vivyo hivyo, na yamkini hapo, kwa mara moja, -zuri ndilo hasa litakalofaa.