Ksaveri: Jina la Ukoo, Jina la Mtoto



Juma hili tafakari yangu inahusu kosa langu mwenyewe. Wazazi vijana wa hapa Sekenke walikuja kumwandikisha mtoto wao wa kiume kwa ajili ya ubatizo. (Wameniruhusu kuyaeleza haya, majina yao nayahifadhi.) Katekista alipouliza jina la mtoto, baba alijibu, "Ksaveri." Nami, kwa kiburi cha mtu aliyesoma seminarini, nikadakia: "Hilo si jina lake mtakatifu, ni la ukoo. Yeye aliitwa Fransisko. Mwandike Fransisko."

Pakawa kimya. Kisha mama akasema taratibu, "Baba, Fransisko tulimzika mwaka jana."

Alikuwa mtoto wao wa kwanza. Walitaka msimamizi yule yule wa mbinguni, ila hawakuwa na nguvu ya kuliita jina lile tena nyumbani kila asubuhi.

Niliomba radhi, na usiku ule nikarudi vitabuni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inadai tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Ile ya mwaka 1917 ilikuwa kali zaidi. Na tangu lini tukawakataa kina Bosko, Goreti, Gonzaga na Vianei? Yote hayo ni majina ya koo za Ulaya, na tumewabatiza wana wetu kwayo bila mtu kuhoji.

Tena Ksaveri hapo mwanzo halikuwa hata la ukoo. Ni mahali: ngome ya Javier, katika Navarra, kaskazini mwa Hispania, alikozaliwa Mtakatifu Fransisko tarehe 7 Aprili 1506. Kwa Kibaski, lugha ya asili ya pande zile, etxe ni nyumba na berri ni mpya. Nyumba mpya, basi. Wazee wetu wangesema tembe mpya. Jina la nyumba likawa la ukoo, likamfuata mmisionari hadi pwani ya Afrika Mashariki, kwani mwaka 1542 merikebu yake ilitia nanga Malindi ikielekea Goa. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na leo wako watoto duniani kote wanaoitwa hivyo.

Niliwaeleza wazazi haya. Baba alitabasamu. Mama aliuliza swali nisilolitarajia: ikiwa nyumba ni mpya, je, Fransisko ana nafasi humo? Nilimjibu kwamba mtakatifu ni mmoja, na ndugu wawili wamegawana jina lake. Sina hakika kwamba jibu lile lilimtosha. Alimfunika mtoto vizuri kwa kanga, akanishukuru.

Jumapili iliyofuata nilimbatiza. Katekista alikuwa ameacha nafasi tupu kitabuni kabla ya jina, endapo ningebadili mawazo. Nikamwambia aandike Ksaveri, kisha jina la baba yake.