Wimbo wa Kinu Katika Arusi ya Rafiki Yetu

Mwezi huu twataka kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe katika arusi ya rafiki yetu. Hatulielezi kwa kujisifu, maana mwanzo wake ni kosa letu.

Rafiki yetu huyo ni mwalimu wa shule katika kijiji kimoja cha Bonde, chini ya milima ya Usambara. Alichelewa kuoa, kwa sababu baba yake alifariki mapema, na mshahara wake ukawasomesha wadogo zake mmoja baada ya mmoja. Hata alipopata mchumba, mwanamke mcha Mungu na mwenye bidii, alikuja kwetu jioni moja akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uongozaye kwaya. Nakuomba unichagulie wimbo wa arusi yangu. Ila nakusihi neno moja: uwe wimbo ambao mama yangu ataweza kuuimba."

Tulinyamaza kwa muda. Yeye hakujua, au pengine alijua sana, kwa nini ombi lile lilituchoma moyo.

Yapata miaka ishirini iliyopita, tulipokuwa tumetoka chuoni karibuni, dada yake mkubwa aliolewa katika kanisa lile lile. Wakati huo mama yao alikuwa mkatekumeni, naye hakukosa darasa hata wakati wa palizi. Bibi arusi alipotoka mbele ya madhabahu, mama akasimama mlangoni akaanza kuimba wimbo wa kinu, ambao wanawake wa kijiji kile waliuimba wakitwanga, na tena wakiagana na binti aendaye kwa mumewe. Nasi kwa ujana wetu tukapita katikati ya watu, tukamwinulia mkono, tukasema, "Mama, hii ni nyumba ya Mungu." Akafumba kinywa. Kwaya ikaimba wimbo wa kitabuni, nasi tukajiona tumelilinda kanisa.

Tangu siku ile hakuja tena darasani. Katika sikukuu alikuja, akaketi karibu na mlango, wala hakuimba. Watu wakasema ni mzee, amechoka. Sisi hatukumwuliza sababu, kwa kuwa tuliijua.

Basi, rafiki yetu alipotuomba wimbo, kwanza tulitafuta njia ya mkato. Tulifungua kitabu cha nyimbo, tukatafuta wimbo mwepesi ambao bibi mzee asiyejua kusoma angeweza kufundishwa kwa siku chache. Tukafikiri pia sauti zile zipigwazo kwa kinanda bibi arusi anapoingia na anapotoka, ambazo watu wengi hudhani hakuna arusi ya Kikristo pasipo hizo.

Lakini tulipochunguza asili yake tulistaajabu. Sauti ipigwayo mara nyingi bibi arusi akiingia ilitungwa na Wagner, Mdachi, kwa ajili ya mchezo wake wa nyimbo uitwao Lohengrin, ulioonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850. Katika mchezo huo huimbwa wawili hao wakipelekwa chumbani mwao. Na usiku ule ule mke anauliza swali alilokatazwa, na ndoa yao inavunjika. Na ile ipigwayo wakitoka ilitungwa na Mendelssohn mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare wenye hadithi ya majini wa mwituni. Ilienea sana baada ya mwaka 1858, ilipopigwa katika arusi ya binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Hata wimbo wa O Perfect Love, ulio wimbo wa kanisa hasa, ulikuwa mpya siku moja: mwaka 1883 Dorothy Blomfield alimwandikia dada yake maneno ya kuimbwa katika arusi yake, yafuatane na sauti aliyoipenda dada huyo.

Hatusemi kwamba nyimbo hizi ni mbaya. Twasema hivi tu: wale waliozianza walichukua kilicho chao, wakakileta kwa mtu waliyempenda. Ikiwa wimbo wa mchezo wa kuigiza uliweza kuingia kanisani kwa sababu ya uzuri wa sauti yake, kwa nini wimbo wa mama anayetwangia watoto wake chakula ubaki nje ya mlango? Tukakumbuka pia agizo la Bwana wetu, kwamba mtu aletaye sadaka madhabahuni akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende akapatane naye. Tukaona kwamba wimbo ndio sadaka yetu, na ndugu yetu twamjua.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, anatwanga mahindi. Siku hizi mashine ya kusaga i karibu, na vinu vingi vimelala pembeni. Lakini yeye husema unga wa mashine hauna harufu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu," wala hakuuacha mchi. Tukamweleza ombi la mwanawe. Kisha tukasema lile tulilopaswa kulisema miaka ishirini iliyopita: kwamba tulimkosea mbele ya watu, siku ya furaha yake, nasi twamwomba atusamehe.

Akatwanga kidogo, kisha akasema, "Uliukata katikati, Mwalimu. Wimbo ule una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya binti anayetoka kwao. Nusu ya pili ni ya mama anayempokea. Ile ya pili haijaimbwa hata leo."

Tukamwomba atufundishe. Akatutazama, akatwaa mchi wa pili uliokuwa ukutani, akasema, "Shika."

Wasomaji, mwanamume kutwanga mchana mbele ya majirani si jambo la kila siku. Watoto walikusanyika wakacheka. Tuliinua mchi, tukaushusha, ukagongana na mchi wake, mahindi yakaruka nje ya kinu. Mara ya pili vivyo hivyo. Ndipo akaanza kuimba taratibu, akatuambia, "Usiutazame mchi wangu. Sikiliza sauti, nawe ushushe mahali ninapovuta pumzi." Baada ya muda michi ikaanza kupokezana, wake chini, wetu juu, wetu chini, wake juu, wala haikugongana tena. Hapo tulifahamu kwamba wimbo ule si pambo la kazi tu. Wawili wanaotwanga katika kinu kimoja hawawezi kuendelea pasipo wimbo. Ndio unaowapa nafasi, huyu na huyu. Tumefundisha habari za ndoa miaka mingi kwa maneno ya kitabu, wala hatujapata mfano uliotuelea kuliko huo.

Maneno yake ni haya kwa maana. Nusu ya kwanza yamwonya binti kwamba kinu cha wakwe zake hakitakuwa na kimo cha kinu cha mama yake. Basi asikilaumu siku ya kwanza, atwange polepole mpaka akijue. Katika nusu ya pili mama mkwe asema kwamba mkono wake umechoka. Amsihi binti apokee mchi, naye atapepeta, na chakula kitakuwa cha wote.

Palikuwa na ubeti mmoja uliomwita bibi aliyekufa asimame mlangoni aulinde mji. Hapo tulisita. Hatukutaka kumwinulia mkono mara ya pili, wala hatukuweza kuuimba ubeti ule kanisani kwa dhamiri safi, maana mlinzi wetu ni Mungu. Tukamwambia hivyo kwa upole, bila kuamuru. Akafikiri, akasema, "Huo ni wa nyumbani. Uache." Mambo yakawa mepesi hivyo, kwa sababu safari hii tuliuliza.

Wazee wa kanisa hawakukubali upesi. Mmoja wao, mtu mwaminifu aliyetulea sisi katika imani, alisema, "Mwalimu, leo kinu, kesho utatuletea ngoma ya pepo." Hatukumdharau, kwa maana ziko nyimbo ambazo hata sisi hatungezileta. Tukamjibu kwamba jambo hili wengine wamelifanya mbele yetu, nao hawakuiacha imani. Ndugu zetu Walutheri wanao wimbo wa Pasaka wa Mfurahini Haleluya, ambao maneno yake aliyaandika Bernard Kyamanywa mwaka 1966, nao waimbwa kwa sauti ya Kihaya. Na huko Makumira mwaka 1968 Howard Olson alitoa kitabu cha Tumshangilie Mungu, chenye nyimbo za kanisa zilizowekwa katika sauti za Kiafrika. Wakatoliki nao, katika mtaguso wao wa Vatikano wa pili, waliamua mwaka 1963 kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada.

Padre akasikiliza pande zote mbili, akasema, "Niandikieni maneno yote, niyasome." Akayasoma mara mbili, akatoa shauri: kinu kisiingie ndani, kikae nje karibu na mlango; wimbo uimbwe baada ya baraka, wakati bwana na bibi arusi wanapotia sahihi katika daftari ya ndoa. Mzee yule akainama akakubali, ingawa uso wake haukufurahi.

Siku ya arusi ilipofika, wanakwaya walikuwa na hofu. Wasichana wengi hawakuwahi kushika mchi, na wiki nzima mama yule alikuwa amewafundisha uani kwake. Baraka ikatolewa. Wanawake wawili wakaanza kutwanga nje, polepole, kinu kitupu chenye pumba kidogo kisipasuke. Kwaya ikaimba nusu ya kwanza. Mama alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, karibu na mlango, kinywa kimefumba. Nusu ya kwanza ikaisha. Tulikuwa tumepatana na kwaya wanyamaze hapo, michi peke yake isikike. Tukangoja. Tukahesabu mapigo sita, saba, nane, tukaanza kuogopa kwamba tumemwaibisha tena.

Ndipo akasimama. Hakwenda mbele, alishika mwimo wa mlango, akaimba nusu ya pili kwa sauti nyembamba ya uzee, isiyotetemeka. Bibi arusi aliiacha kalamu juu ya daftari akageuka. Wanawake wa benchi za nyuma, ambao hatukuwahi kuwasikia wakiitikia lolote kanisani ila Amina, wakaitikia wote pamoja. Dada yake mkubwa, yule aliyeolewa miaka ishirini iliyopita, alikuwa amekuja na watoto wake; alijifunika uso kwa kanga yake akalia. Nasi tulipaswa kuongoza kwaya, lakini mkono wetu ulikuwa umeshuka, wala hapakuwa na haja ya kuongoza.

Walipotoka, mzee wa kanisa alitupita bila neno. Jioni, wakati wa karamu, alikuja akaketi karibu nasi akasema, "Mama yangu naye alikuwa na wimbo wake. Nimejaribu kuukumbuka tangu asubuhi. Nimepata maneno mawili tu." Hatukuwa na la kumjibu.

Walimu wenzetu, wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Twawasihi, mtakapoombwa kuchagua wimbo wa arusi, msiukatae kwa sababu haujazoewa, wala msiupokee kwa sababu ni wa kale. Yasomeni maneno yake. Ulizeni maana kwa wale wenye wimbo, wala si kwa wale wanaouogopa. Kisha tazameni nani kanisani hana wimbo wa kuitikia, na kwa nini hana. Pengine mtaona, kama sisi, kwamba ninyi wenyewe ndio mliomnyamazisha. Nanyi wazazi, waulizeni mama zenu nyimbo zao wangali hai, mziandike. Kinu chaweza kuchongwa tena. Lakini wimbo uliozikwa na mwenyewe hauchongeki.

Mama yule hajabatizwa hata tunapoandika haya. Hatupendi kuwadanganya kwamba wimbo mmoja ulifuta miaka ishirini. Lakini Jumapili ya tatu baada ya arusi alikuja na mkwewe, wakaketi pamoja benchi ya nne, mbali na mlango. Baada ya ibada alituita akasema, "Mwalimu, darasa lenu bado ni siku ya Jumatano?" Tukamjibu, "Bado, mama." Akasema, "Jumatano natwanga asubuhi. Labda jioni."

Tumelihamisha darasa, sasa ni jioni. Mwombeeni, nasi mtuombee.