Koplo wa Nyumba Tatu

Picha yenyewe ni ndogo, haijai kiganja. Ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti wa nyanya, chini ya risiti za kahawa. Wanaume tisa wamepangwa mbele ya lori. Wa kwanza kushoto, aliyekalia madigadi, ni babu yetu. Huyo hana ubishi, masikio yake tumeyarithi sote. Wanane waliobaki hatuwajui. Nyuma pameandikwa kwa penseli: Isiolo 12/40. Babu alikuwa dereva wa jeshi, na habari za vita alitupa moja tu: kwamba barabara ya Marsabit ilimaliza matairi.

Nikaifungia safari. Matatu ilitoka Nairobi alfajiri, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshuka Nanyuki kuyapitia makaburi ya vita. Nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamesimama mistari kama yanakaguliwa. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi haya ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Hao walikufa kwa sababu ya vita vya kwanza, wengi wao wakiwa wapagazi, wale ambao Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimebeba jina lao. Sikukaa sana. Nilikuwa natafuta watu ambao, kwa nilivyojua, huenda walirudi nyumbani salama.

Baada ya Timau barabara inaporomoka, na ukifika chini sweta unaivua mwenyewe bila kuambiwa. Isiolo ina mitaa kadhaa inayoanza na neno kambi: Kambi Garba, Kambi ya Juu, Kambi Odha. Kwa mtu aliyekuja na picha ya askari mkononi, majina hayo yalinitia moyo kupita kiasi.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipa chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa, kisha akaniuliza swali ambalo sikulielewa siku hiyo: "Hii picha umeileta kuuliza, ama umeileta kutoa?"

Mzee wa kwanza aliyeiona alitumia lenzi na hakuwa na haraka. Alimpita babu, akawapita watano wenye kofia pana zilizobanwa upande mmoja, akasimama kwa mtu mwenye kilemba cheusi.

"Huyu si wa Keya," akasema. "Huyu ni dubas."

Dubas walikuwa askari wa utawala huku kaskazini, watu wa DC, si wa Keya, jeshi la kikoloni. Jina lenyewe limetokana na Kisomali na maana yake ni kilemba chekundu. "Chekundu, si cheusi," mzee alisisitiza, kana kwamba mimi ndiye niliyekipaka rangi. Filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu vizuri, iligeuka giza. Nikarudi kwenye picha, kwa Mzungu aliyekunja mikono pembeni. Begani ana kitambaa kidogo cheusi ambacho miaka yote nilidhani ni kivuli. Wanajeshi wa Afrika Kusini waliojitolea kupigana nje ya nchi yao walivaa begani utepe mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Waitaliano walikuwa wameitwaa Moyale mwezi Julai 1940, na Waafrika Kusini wakapandishwa njia hii kwenda Marsabit, hadi wakaiteka Mega Februari 1941. Kwa hiyo yawezekana Mzungu wetu ni mmoja wao. Nyekundu mbili katika picha moja, na kamera ikazila zote.

Hapo nikajiona mpelelezi. Kesho yake nikaonyesha mtu wa nane.

Yeye amesimama mwisho kulia, mrefu, tepe mbili mkononi, jua limempiga usoni. Ndiye pekee ambaye sura yake inasomeka vizuri. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepata mjukuu: bwana mmoja wa dukani, akaonyesha pua yake kama ushahidi. Jioni akapata mwingine, mama wa makamo aliyekuja na shangazi yake kipofu. Shangazi aliipapasa picha kwa kidole na kusema ndiye. Siku ya tatu akaja kijana na simu, akamkuza koplo hadi akawa vidoti tupu, akasema huyo ni baba wa babu yake, aliyepigana na Mjerumani kisha akaletwa hapa.

Huyo wa tatu nilimpinga. Nikamwambia picha ni ya vita vya Mtaliano. "Penseli haina mwenyewe," akajibu. Mtu yeyote aweza kuandika tarehe. Nikamwonyesha kofia: katika vita vya Mjerumani askari wa Keya hawakuvaa hizi. Nikamwonyesha uso: huyu hajafika miaka thelathini, na aliyepigana mwaka wa 1917 angekuwa na arobaini na kitu. Hoja zangu zilikuwa sahihi, nami nilizitamka kwa raha ambayo sasa inanisuta.

Kijana alinyamaza, akaizima simu. "Sawa," akasema. "Lakini ya babu hatuna."

Mwalimu ndiye aliyenieleza usiku, tukila nyirinyiri kwa anjera. Familia nyingi za Wasomali, Waisaaq na Waherti, zilifika Isiolo kwa sababu babu zao waliitumikia Uingereza vitani, wakaruhusiwa kukaa na mifugo yao. Ruhusa ilikuwa ya mdomo zaidi kuliko karatasi, na hadi leo wengi wanangoja hatimiliki. Mwaka wa 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa upya, waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Watu walisimama mbele ya meza wakitakiwa kueleza wametoka wapi. "Hapo," mwalimu alisema, "babu mwenye sare ni cheti."

Nikalikumbuka swali lake la chai.

Kuhusu yule bwana wa dukani na yule mama, sina njia ya kuwaamua. Kila nyumba ilinipa jina kamili, mpaka babu wa nne, na majina hayo siyaandiki hapa kwa kuwa si yangu. Huenda mmoja anasema kweli. Huenda koplo ni mtu wa Kitui aliyepita njia siku ile tu, na wajukuu zake wako Mutomo hawana habari.

Asubuhi ya kuondoka nilienda kwa mpiga picha karibu na soko. Akaiweka kwenye skana, akaitanua kwenye kioo cha kompyuta, akaniuliza nataka nani.

"Huyu wa mwisho kulia. Mara tatu."

"Tatu za huyu huyu?"

"Tatu."

Akamkata pembeni ya bega la dubas, akamsafisha mkwaruzo wa shavuni, akaniuliza kama amwekee rangi. Siku hizi kompyuta inaweza. Nikamwambia amwache hivyo hivyo. Mashine ikamtoa koplo, ikamtoa tena, ikamtoa tena, kila mara akianzia kofia. Tukatia kila nakala bahasha yake, nikaandika juu majina ya nyumba tatu, ya kijana ikiwa ya kwanza.